Ule Ulikuwa Wino

Kwanza tuelewane: ule ulikuwa wino. Najua video imezunguka. Najua imefika mpaka Muscat, maana binamu yangu wa huko kanitumia ujumbe wa sauti ambao ndani yake hamna neno hata moja, anacheka tu mpaka unakatika. Na aliyeipiga, huyu ninayemwita swahiba, kaiandikia juu: "Bwana Ndege kashikwa na jini Kigomasha, tazameni suruali." Mmemsikia yeye, sasa nisikieni na mimi.

Mnaonifuata humu mnayajua maradhi yangu. Wenzangu wana mpira, mimi nina ndege. Na kuna mmoja nilikuwa namtafuta kwa udi na uvumba: mweusi kwa mweupe, miguu mirefu ya rangi ya majivu yenye ubuluu, mdomo mweusi mnene kama kisu cha mchinjaji. Kitabuni ni Dromas ardeola, mimi namwita Mla-kaa kwa sababu ndiyo kazi yake mchana kutwa. Huyu bwana kwetu hazai. Anazalia Omani, Ghuba, Somalia na kandokando ya Bahari ya Shamu, tena anachimba handaki mchangani na kutaga yai moja jeupe humo gizani, jambo ambalo ndege wenzake wa ufukweni hawalifanyi. Akishalea, anashuka zake huku kwetu kula kaa miezi yote ya kaskazi. Mgeni wa heshima kabisa. Nikasema lazima nikamwamkie.

Ndiyo tukaenda Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini magharibi ya Pemba, kisiwa kinapoishia. Chake mpaka Konde kwa gari, Konde kwenda mbele kwa bodaboda, mishikaki, dereva, swahiba, halafu mimi na mkoba wangu nusu matakoni nusu hewani. Njia inapita katikati ya msitu wa Ngezi, na mwenye kuujua anajua: miti imefunga juu, jua linakuja vipande vipande, na kimya. Mtu mwenye akili angesikiliza ndege. Swahiba akaona hapo ndipo pa kunisimulia majini. Kwamba jini la baharini hulijui kwa sura, unalijua kwa mikono. Mikono yake baridi, na halina haraka. Nikamwambia mimi ni msomi, aniache nisikilize ninga. (Pemba ina ninga wake wa kijani asiyepatikana kwingine duniani. Na bundi wake, na chozi wake, na popo wake mkubwa anayekula matunda. Hilo nalo nilitaka kuwaeleza kwa utulivu siku nyingine, kabla hamjanifanya kichekesho.)

Kule rasini pazuri, sitaki uongo. Kuna mnara wa taa wa chuma wa enzi za Mwingereza. Ukipanda ngazi zake za kuzunguka, kiuno kinakuuma, unatokea juu upepo unakupokea: mashariki Vumawimbi, mchanga mweupe mpaka macho yachoke, magharibi bahari ya kijani inakatika ghafla na kuwa nyeusi, pale Mkondo wa Pemba unapozama mamia ya mita. Membe wanajitupa majini kichwa mbele, wanatoka na dagaa. Nilikaa huko juu nikasahau hata nina swahiba.

Halafu nikaona kule chini mwambani kundi la weupe kwa weusi.

Mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama, kwa hiyo ni bamvua lenyewe. Bamvua la pwani hii maji yanatoka asubuhi, saa nne hivi mwamba wote uko nje, na kati ya kujaa na kupwa inafika kama mita 4. Kina mama wa pwani walishatawanyika zamani, khanga kibwebwe, kila mmoja na nondo yake, wanachokoa pweza. Mimi nikashuka na suruali nyeupe. Msiniulize. Nilitaka picha ya kuwarushia nyie nyie mnaonicheka.

Darubini ina ubaya mmoja, inakuletea ndege mpaka mlangoni. Ukiishusha, yuko ng'ambo. Nikawa sishushi. Naangalia, napiga hatua, naangalia, napiga hatua. Bibi mmoja akanipigia ukelele, "Mwanangu, tazama chini!" Nikampungia mkono, nikadhani ananikaribisha.

Mla-kaa mmoja alikuwa kamkamata kaa, anampigapiga chini kumvunja miguu. Niliona mpaka jicho. Nikapiga hatua nyingine.

Mguu wa kulia ukaingia shimoni mpaka kati ya muundi.

Kwanza baridi. Nikasema, si maji haya. Halafu lile baridi likajisogeza. Maji hayajisogezi vile. Kitu laini, kinateleza, kikanigusa pale juu ya soksi, kikatulia kidogo, kinanisoma. Kisha kikashika. Hakikuuma. Kilishika. Vidude vidogo vidogo vikawa vinaninyonya ngozi, kimoja, halafu cha pili yake, halafu cha juu yake, vinapanda kwa mpangilio kutoka kifundo cha mguu kuja gotini. Nikavuta mguu. Na chenyewe kikavuta. Nikavuta kwa nguvu. Kikaleta mkono wa pili.

Mikono baridi. Haina haraka.

Jamani. Sauti iliyotoka pale mmeisikia kwenye video, na naona mnaulizana yule mtoto wa kike anayelia ni wa nani. Hakukuwa na mtoto.

Sasa hapa ndipo pabaya, na swahiba wangu kapaweka mara mbili, mara ya pili kwa mwendo wa polepole. Mimi nimesoma chuoni. Mwalimu wetu alikuwa na bakora yenye jina. Hadhara nzima ya kijiji ilishanisikia nikisoma Maulidi. Nikiwa na mkono wa jini mguuni nikaitafuta Ayatul Kursiy kichwani, haipo. Nikatafuta Qul-audhu, ikaja nusu, ikarudi ilikotoka. Nikafumbua kinywa nikamtegemea Mungu anitolee chochote. Kikatoka dua ya kula.

Nikaisoma yote. Kwa sauti. Macho nimefumba, mikono juu.

Nilipofumbua macho, yule bibi alikuwa keshafika, wala hakukimbia. Kanitazama mimi kidogo sana. Kalitazama shimo, uso wote ukamchanua.

"Yumo?"

"Bibi, jini! Kanishika!"

"Mkubwa?"

"Bibi nakufa!"

"Basi tulia hapo hapo, baba, usimtishe. Shimo hili nalizunguka tangu jana." Akainama, akasikiliza, kisha akaniinulia macho. "Na wewe unasomaje dua ya kula na hata hajapikwa?"

Wenzake wakasikia. Wakaja wote. Nikawa nimezungukwa na mabibi na nondo zao, mguu mmoja kaburini, wanajadiliana. Mmoja anasema nisivute, maana ukivuta naye anavuta. Mwingine anasema niache mguu ulegee, pweza akihisi kitu kimelegea anajipanga upya, hapo ndipo wa kumpata. Nikawauliza, samahani, anajipanga upya wapi? Hakuna aliyejibu. Mmoja aliniuliza kwetu wapi. Nikasema Dar. Akasema "aaah", wote wakaelewana. Mwingine akauliza kama nimeoa.

Nimelegeza mguu, wallahi, nimelegeza. Bibi akapitisha nondo upande wa pili wa jiwe, kumbe shimo lina mlango wa uani, akachokoa mara moja. Mdudu akaamua kuhama. Njia ya kuhamia aliyoichagua ni mimi. Akatoka mzima mzima, mwekundu, mikono yote minane, na nusu ya mikono hiyo bado iko kwangu, akanitazama kwa jicho lile lake la kulala, akanimwagia wino.

Nyie mnaotazama mnaona doa tu. Mimi niliona linakuja. Limeanzia zipu, likashuka ndani ya paja la kushoto, likazunguka nyuma wakati naanguka. Maana nilianguka, kitako, kwenye kidimbwi, chubwi. Kwa hiyo hapo nyuma ni wino na maji ya bahari na matope ya mwani. Nimewatajia vyote. Hakuna cha nne. Anayesema cha nne aje tuonane.

Bibi alikuwa keshamdaka. Akamtia kidole, akampindua kichwa ndani nje, kwisha habari. Raba yangu ikatoka pamoja naye, ameikumbatia mpaka mwisho.

Nikageuza shingo kutazama nyuma. Swahiba. Simu juu, mkono hautikisiki hata kidogo. Miaka yote namwomba anipigie picha ananikata kichwa, siku hiyo kaniweka katikati kabisa.

Na ndege? Waliruka niliposoma dua. Wote. Kundi zima likapita juu yangu likipiga kelele zake, likaelekea baharini, nikawaona kwa macho matupu kuliko nilivyowahi kuwaona kitabuni. Hilo kwenye video hamna, maana mpiga picha alikuwa ananikaribia suruali.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Nilijifunga khanga ya bibi, imeandikwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Wino wa pweza hautoki kwa maji ya chumvi, wala ya baridi, wala kwa ndimu. Pweza akapimwa na mnunuzi pale ufukweni, kilo mbili na ushei. Bibi akampiga piga juu ya jiwe kulainisha mkono mmoja alioukata, akanipa, akasema ni haki ya chambo. Swahiba akaula. Nimewahi kusoma kwamba Kisiwa Panza, huko kusini ya Pemba, wanafunga sehemu ya mwamba miezi kadhaa ili pweza wakue. Wanakijiji nawaheshimu sana, lakini yule aliyenishika mimi alikuwa amekua vya kutosha.

Mguuni nina alama za duara, mistari miwili safi, kubwa chini na ndogo juu. Kwenye boti ya kurudi Unguja nikamwonyesha mzee mmoja nikitegemea huruma. Akazitazama, akanyanyuka, akahamia kiti cha mbele.

Grupu la ndege wamenibadili jina, sasa naitwa Chambo. Hilo nimelikubali. Binamu wa Muscat nimemfungia. Kilichobaki ni darubini: ilikuwa shingoni nilipokaa kidimbwini, ndani kuna maji na kitu kidogo kinachotembea, na ni ya shemeji yangu, ambaye video bado hajaiona na anadhani nimeisahau kazini. Mlio kwenye grupu la familia yake nawajua mmoja mmoja. Mpaka Ijumaa, tafadhali. Kuna fundi Kariakoo kasema atajaribu.