Droni za harusi zisipite juu ya vichwa vya watu

Jumapili nlikuwa harusini hapa Majengo, Mombasa, wamama wamejaa uani kwenye mikeka wanangoja bi harusi atolewe, na kusi ya mwezi huu mwaijua jinsi inavyovuma, sasa kijana wa video akarusha droni ikapanda ikapita paa, ilipotoka tu kwenye kinga ya nyumba upepo ukaichukua, ikagonga waya wa stima, chini! Iliangukia mkekani, hatua moja kutoka kwa mtoto mchanga aliyelala mapajani mwa nyanyake, na mapanga yake bado yazunguka. Watu wakasema alhamdulillah, ngoma ikaendelea. Mimi mpaka leo moyo haujatulia.

Hebu fikirieni, kitu kikianguka toka mita 30 chafika chini kwa sekunde 2 na nusu hivi, hata ukipunguza kile kizuizi cha hewa bado ni mwendo wa gari barabarani, na droni hizi za harusi nyingi ni nusu kilo mpaka karibu kilo nzima. Hakuna mtu Mombasa anayemkalisha mtoto chini ya mnazi wenye nazi kavu. Na mkwezi kabla hajaangusha hupiga kelele watu watoke. Huyu wa droni hakusema kitu, na sisi wenyewe twamwangalia huku twachekea kamera.

Sheria ipo. Kanuni za 2020 za KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege Kenya, zataka droni isajiliwe, isipande kupita futi 400, ikae mita 50 mbali na watu na majumba, na isiruke ndani ya kilomita 10 za kiwanja kikubwa cha ndege bila ruhusa. Pima kutoka uwanja wa Moi kule Port Reitz uone, karibu kisiwa chote kimo ndani! Lakini nani ashawahi kuulizwa karatasi harusini?

Sitaki vijana wanyimwe riziki, kazi yao nzuri na picha zapendeza. Nataka mwenye harusi aulize leseni kabla ya kulipa, droni ipige picha kutoka pembeni watu wakiwa hawako chini yake, na kusi ikizidi ibaki kwenye begi. Harusi ya mdogo wangu ni Disemba, nshakubaliana na mpiga video picha za juu azichukue asubuhi mapema, uani hakuna mtu.