Hesabuni saa za ukumbi kabla ya kuchora jengo la mahakama

Mahakama inapoomba jengo jipya, karatasi ya kwanza kudaiwa isiwe ramani. Iwe hesabu ya saa: kila jaji na kila hakimu anakaa ukumbini saa ngapi kwa wiki, na saa ngapi yuko ofisini akisikiliza maombi chemba au akiandika hukumu. Takwimu zake zimo kwenye orodha ya mashauri ya kila wiki na kwenye mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri. Kinachotakiwa ni mtu wa kuzijumlisha kwa mwaka mzima, akiweka kando mashauri yaliyotajwa kwa dakika tano na kuahirishwa.

Wenzetu wa Marekani waliruka hesabu hii wakaumia. Kule kila mradi mkubwa wa jengo la serikali huandikiwa andiko linalotaja mahali, ukubwa na ukomo wa gharama, na kamati mbili, moja ya kila baraza la Bunge lao, hulipitisha kwa azimio. Utaratibu ni mkali kwenye karatasi. Hata hivyo, mwaka 2010 wakaguzi wa Bunge walipopima majengo 33 ya mahakama za shirikisho yaliyokamilika tangu 2000, walikuta futi za mraba milioni 3.56 za ziada, yaani zaidi ya mita za mraba 330,000. Sababu zilikuwa tatu. Majengo 27 yalizidi ukubwa ulioidhinishwa. Idadi ya majaji watakaokuwepo baada ya miaka kumi ilikadiriwa kupita kiasi. Na kila jaji alipewa ukumbi wake, wakati kumbi nyingi zingeweza kutumiwa kwa zamu. Hiyo ya kwanza inafundisha zaidi: sehemu ya ziada ilitokana na kumbi za mapokezi zilizo wazi hadi juu ya paa, ambazo wasanifu na waidhinishaji hawakuwa wakizipima kwa namna moja.

Kwetu Tanzania idhini inapita njia nyingine. Tangu Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya 2011, Mtendaji Mkuu wa Mahakama ndiye anayebeba dhamana ya fedha, mradi unaingia kwenye Fungu 40, yaani bajeti ya Mahakama, Bunge linapitisha Juni, na zabuni sasa inatangazwa kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Lakini kwenye vitabu vya bajeti mradi huonekana kwa jina na kiasi cha fedha. Naona hapo pana pengo. Idhini itaje pia eneo lote la sakafu na namna lilivyopimwa, idadi ya kumbi, na idadi ya majaji na mahakimu ambao ikama yao, yaani nafasi zao za kazi, imeshapitishwa. Wanaotarajiwa waandikwe mstari wao peke yao.

Tuchukue mfano wa mahakimu sita, kila mmoja akitumia ukumbi saa 15 kwa wiki. Jumla ni saa 90. Ukumbi unaofunguliwa saa sita kwa siku unatoa saa 30 kwa wiki, kwa hiyo kumbi tatu zinajaa kabisa. Ongeza moja, kwa sababu shahidi huchelewa na shauri la asubuhi hula muda wa mchana. Kumbi nne, ofisi sita. Ukishapata jumla ya vyumba vyote, kumbuka kwamba kwenye jengo la mahakama vyumba huchukua kama theluthi mbili tu ya sakafu. Theluthi inayobaki ni korido, ngazi, vyoo na kuta. Anayesahau theluthi hiyo ndiye anayerudi kuomba nyongeza msingi ukiwa umeshamwagwa.

Na korido za mahakama si korido za ofisi ya kawaida. Zinahitajika njia tatu zisizokutana: ya wananchi, ya majaji na mahakimu, na ya mahabusu. Njia ya mahabusu ndiyo inayosahaulika, nayo inaanzia getini. Karandinga linalotoka Gereza la Karanga kwenda mahakamani Moshi, au Kisongo kwenda mahakama za Arusha mjini, linahitaji lango lenye kimo cha kutosha, nafasi ya kugeuka, na mlango unaoingia moja kwa moja kwenye mahabusu ya mahakama, wanawake na watoto wakitengwa. Likiegeshwa mbele ya jengo, mshtakiwa anapitishwa kwa pingu katikati ya ndugu wa mlalamikaji, na shahidi anayemwogopa amekaa kwenye benchi lile lile. Kosa hilo halirekebishwi kwa askari wa ziada.

Masijala nayo ina mtego wake. Sakafu ya ofisi husanifiwa kubeba takriban kilo 250 kwa mita ya mraba, ilhali makabati ya majalada yanayosukumwa kwenye reli yanaweza kufikia kilo 1,000. Yaweke chini, si ghorofa ya pili. Majalada ya kielektroniki yatapunguza nafasi hiyo, ila ya zamani hayayeyuki. Mfano mzuri uko Lakilaki, Arusha: majengo ya taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, yaliyofunguliwa 2016, yalipangwa kwa kazi iliyobaki. Kuna jengo la ofisi, ukumbi wa mahakama, na jengo zima la nyaraka.

Kituo jumuishi cha utoaji haki kama cha Arusha kinaweka ngazi mbalimbali za mahakama na wadau wao chini ya paa moja. Nakiunga mkono kwa moyo wote. Mtu anayetoka Same kufuata rufaa Moshi anasafiri zaidi ya kilometa 100, na asitumwe tena ofisi ya mtaa wa pili. Ila kila mdau asaini mapema anachukua mita ngapi na nani analipia umeme na lifti.

Kisha kuna kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Fedha zikifika Januari na mkandarasi akakabidhiwa eneo Machi, msingi utachimbwa ndani ya masika. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, vipimo vya udongo vifanyike kabla ya zabuni kutangazwa. Maji ya kisima yapimwe floridi pia, maana kuzunguka Mlima Meru huwa juu. Vipimo vya udongo vikirukwa, msingi unabadilishwa kazi ikiendelea, fungu la dharura linaisha mapema, na mwishoni vinavyokatwa ni lifti na njia ya kiti cha magurudumu, wakati ukumbi mkubwa uko ghorofani.