Mtoto wa miaka minne na shule ya Uingereza: aje sasa au abaki kwa bibi?

Nesi wa Kenya aliyeajiriwa Uingereza kupitia makubaliano ya mwaka 2021 kati ya nchi hizo mbili, au Mtanzania anayesomea shahada ya uzamivu huko, hukutana na swali ambalo fomu za viza haziliulizi. Mtoto wa miaka minne aje sasa, au abaki kwa bibi yake mpaka ajue kusoma? Mara nyingi jibu hutolewa na nauli, kodi ya nyumba na zamu za usiku. Lakini hata pesa inaporuhusu, wazazi wenye busara ileile huamua tofauti, na sioni sababu ya upande mmoja kuucheka mwingine.

Nazungumzia England, maana Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. Huko mtoto huanza darasa liitwalo Reception mwezi Septemba baada ya kutimiza miaka minne. Mstari wa umri ni tarehe 31 Agosti. Aliyezaliwa siku hiyo huingia darasani akiwa na miaka minne na siku chache, na mwenzake aliyezaliwa kesho yake husubiri mwaka mzima. Sheria yenyewe haimlazimishi mtoto kuwa shuleni mpaka muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka mitano, ila wazazi wengi hawangoji. Linganisha na kwetu: Kenya mtoto huanza gredi ya kwanza akiwa na miaka sita baada ya PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya awali, na Tanzania darasa la kwanza ni miaka sita, wengine saba. Bibi akisikia mjukuu wake amevalishwa sare akiwa na minne, anauliza kama huko hakuna watu wa kukaa na watoto.

Na swali la bibi lina uzito. Wanaotaka mtoto asubiri hawasukumwi na mapenzi peke yake. Kiswahili ni lugha rahisi sana kujifunzia kusoma. Mtoto akishazishika a, e, i, o, u, akaja ba, be, bi, bo, bu, ndani ya mwaka mmoja anaweza kusoma karibu kila neno linalopita mbele yake, hata asilolijua maana. Kiingereza hakimpi mtoto raha hiyo, kwa kuwa herufi moja hubeba sauti nyingi. Utafiti wa mwaka 2003 uliolinganisha lugha kadhaa za Ulaya uliona kwamba watoto wanaosoma kwa Kiingereza huchukua zaidi ya mara mbili ya muda wa wenzao kufikia kiwango kilekile cha mwanzo. Aliyekwisha kuelewa kwa Kiswahili kwamba herufi ni sauti na sauti zikiungana huwa neno hajifunzi kusoma upya akifika Birmingham. Anajifunza mazoea mabaya ya tahajia ya Waingereza, basi.

Tena kuna jambo linalofariji upande huu. Mwezi Juni wa Year 1, yaani mwaka unaofuata Reception, watoto hupimwa kusoma maneno 40, na nusu yake ni ya kubuni, hayana maana yoyote. Kwa mtoto aliyetoka Kigoma, yote 40 yanaweza kuwa ya kubuni! Ndiyo maana mtoto mgeni wa lugha aliyefundishwa vizuri anaweza kufaulu kipimo hicho bila shida, mzazi akafurahi, kumbe hajaelewa hadithi hata moja. Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, alionyesha tangu miaka ya 1970 na 1980 kwamba Kiingereza cha kuchezea uwanjani huja kwa takriban miaka miwili, ila kile cha kusomea masomo huchukua mitano hadi saba. Kwa hiyo anayemwahisha mtoto kwa hofu kwamba "atachelewa Kiingereza" anahesabu vibaya. Lugha ya uwanjani itakuja tu, awahi asiwahi.

Hata hivyo, nikipima yote, mimi naegemea upande wa kumleta mapema, na sababu yangu si Kiingereza.

Shule za England hupanga watoto kwa umri. Mtoto wa miaka saba asiyejua neno la Kiingereza huingizwa darasa la wenye miaka saba, yaani Year 3, na kurudia darasa kama tulivyozoea karibu hakupo. Wengi hulisikia hili wakadhani ni huruma. Kwa kiasi ni huruma kweli, maana mtoto hakai na wadogo zake. Lakini maana yake pia ni kwamba darasa halimsubiri. Wenzake wamekuwa shuleni tangu wakiwa na minne, na mwaka unaofuata wanakaririshwa majedwali ya kuzidisha kwa ajili ya mtihani wa Year 4. Reception haiko hivyo. Siku nyingi ni mchanga, maji, rangi, kujenga na kuvaa nguo za kuigiza, huku sauti za herufi zikifundishwa kidogo kidogo.

Sasa, watoto wengi wanaoingia katika lugha ngeni hupitia kipindi cha ukimya. Hunyamaza wiki, pengine miezi, wakisikiliza. Ni jambo la kawaida, lakini huwatia wazazi wasiwasi, na mwalimu asiyezoea anaweza kudhani mtoto ana tatizo. Katika Reception ukimya huo hauna gharama kubwa: mtoto anamwaga maji kwenye ndoo kimya kimya, na jirani yake anamwaga vilevile. Katika Year 3, ukimya uleule unamkosesha hesabu, sayansi na marafiki waliokwisha kuchaguana. Hapo ndipo hoja ya bibi, nzuri kama ilivyo, inaponishinda. Inamjali sana msomaji, haimjali vya kutosha mtoto atakayekaa kimya darasani.

Mambo ya ada na chakula hayana mjadala mrefu. Shule za serikali hazitozi ada, na tangu Septemba 2014 chakula cha mchana ni bure kwa madarasa matatu ya mwanzo. Kiboko hakuna. Nafasi ndiyo kazi. Maombi ya Reception hufungwa tarehe 15 Januari na majibu hutoka 16 Aprili. Anayefika Novemba tayari ana mtoto wa Year 1 huomba katikati ya mwaka, na kwa kuwa sheria huzuia zaidi ya watoto 30 kwa mwalimu mmoja katika madarasa hayo madogo, shule ya mtaani inaweza kukukatalia. Nimesikia ya ndugu wawili kupangiwa shule mbili tofauti, mama akawa anakimbia kama kondakta kila asubuhi.

Gharama ya kweli ya kuwahi ni Kiswahili. Mtoto wa miaka minne hukipoteza upesi kuliko wa miaka saba anayekisoma tayari, na shule haitamfundisha. Wala usitegemee kukiokoa kwa safari ndefu za nyumbani katikati ya muhula: kuanzia Agosti 2024 faini ya utoro kwa aliyefikia umri wa lazima ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na hupanda hadi 160 isipolipwa ndani ya siku 21. Mzazi anayemleta mapema ajue kwamba kazi ya ba, be, bi, bo, bu sasa ni yake, jioni, baada ya zamu.

Kwa mtoto ambaye Reception imeshampita, msimamo wangu unabadilika. Kama ana miaka sita na yuko darasa la kwanza Morogoro, Mei, anasoma vizuri, nisingemng'oa ili awahi kipimo cha Juni, ambacho asiyefaulu hukirudia Year 2. Ningemwacha afunge mwaka wa shule, aje Januari.