Maambukizi yamepaa! Kati ya wangapi?

Juzi usiku simu ililia na habari ya dharura: maambukizi ya kirusi kipya "yaongezeka maradufu, hofu yatanda". Kirusi chenyewe sikitaji, maana mwakani kitakuja kingine na kichwa cha habari kitakuwa hichohicho. Nikafungua. Juu kulikuwa na picha ya watu waliovaa yale mavazi meupe ya kujikinga, picha ya mlipuko mwingine kabisa, imeshatumika hadi imechakaa. Nikapita wataalamu wasiotajwa majina, nikapita matangazo, na huko chini kabisa nikakuta hesabu yenyewe: wagonjwa walikuwa wawili, sasa wako wanne.

Maradufu kweli. Mhariri hajadanganya hata neno moja, na hilo linaniudhi kuliko uongo.

Kitu ambacho kingenitisha kihalali, au kunituliza, hakikuandikwa: hao wanne wanafahamiana? Kama wanaishi nyumba moja, ni jambo moja. Kama hawajawahi kukutana, basi kirusi kinazunguka mahali ambapo hakuna anayepima, na hapo wanne ni wengi mno. Sentensi moja ingetosha. Badala yake tukaambiwa tuhisi nini kabla ya kuambiwa kimetokea nini.

Mchezo huu ni wa zamani na umeshagharimu watu. Oktoba 1995 mamlaka za Uingereza zilionya kwamba aina mpya ya vidonge vya uzazi wa mpango inaongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Asilimia 100! Nani asingeogopa? Wanawake wengi wakaacha vidonge. Hatari yenyewe ilikuwa hivi: kati ya wanawake 7,000 waliotumia vidonge vya awali, mmoja alipata tatizo hilo, kati ya 7,000 waliotumia vipya, wawili. Ongezeko lote lile ni mwanamke mmoja katika 7,000. Mwaka uliofuata, inakadiriwa kwamba utoaji mimba England na Wales uliongezeka kwa takriban 13,000. Na ujauzito wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile! Walitishwa hadi wakaangukia hatari kubwa zaidi ya ileile waliyokuwa wakiikimbia, na hakuna aliyesema uongo.

Ungedhani somo limeeleweka. Robo karne baadaye ikaja chanjo ya korona ya AstraZeneca. Hadi mwisho wa Machi 2021, Uingereza ilikuwa imerekodi visa 79 vya damu kuganda kwa namna isiyo ya kawaida, vifo 19 vikiwemo, katika dozi zaidi ya milioni 20. Haya, nakubali: vifo 19 ni watu 19, wasimamizi walipaswa kusema, na kwa vijana ambao korona haikuwa tishio kubwa kwao, kupewa chanjo nyingine ilikuwa busara. Nakubali yote hayo. Lakini wewe ulisikia habari za kuganda damu mara ngapi, na ile milioni 20 uliisikia mara ngapi?

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walishatuonyesha tulivyo tangu 1981. Waliwaeleza watu juu ya ugonjwa wa kubuni unaotarajiwa kuua 600. Mpango mmoja ungeokoa watu 200 kwa hakika, mwingine ulikuwa wa kubahatisha. Asilimia 72 wakachagua wa hakika. Kundi jingine likaelezwa mpango uleule wa hakika kwa maneno "watu 400 watakufa". Waliouchagua wakawa asilimia 22. Hakuna aliyefufuka wala aliyeongezeka kufa kati ya maelezo yale mawili.

Na wale waliosema kuhusu korona "asilimia 99 wanapona" msidhani nimewasahau. Hao ni ndugu wa damu wa "hofu yatanda", tofauti yao ni kwamba wao walitaka tulale. Asilimia moja ya watu milioni 50 ni watu laki tano. Tena haigawanywi sawasawa: kijana wa miaka 20 na mzee wa miaka 80 hawakukabiliwa na korona moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya ziada, yaani zaidi ya vile vinavyotarajiwa miaka ya kawaida, milioni 14.9 kwa miaka ya 2020 na 2021, ilhali vifo vya korona vilivyoripotiwa vilikuwa kama milioni 5.4. Kwa hiyo aliyefika hapa akitafuta kibali cha kusema korona ilikuzwa na waandishi, nasikitika, amekosea mlango.

Mnakumbuka ile jumla ya vifo vya korona iliyokaa pembeni ya skrini mchana na usiku? Jumla haishuki, maana aliyekufa hafufuki. Wimbi lingeweza kupungua wiki tatu mfululizo, hospitali zikapumua, na namba ile bado ikapanda kila saa. Aliyeiangalia kwa mwaka mzima hakuona hata siku moja ya nafuu. Nani aliamua kwamba namba ambayo kwa asili yake haiwezi kuleta habari njema ndiyo ikae mbele ya macho yetu muda wote?

Picha nazo ni kesi ya peke yake. Mwaka 2022 mpox, yaani homa ya nyani, ililipuka Ulaya, na vyombo kadhaa vya habari vikaipamba kwa picha za wagonjwa Waafrika. Inatosha.

Msiniambie wasomaji hawapendi hesabu. Watu hawahawa wanajua msimamo wa ligi hadi tofauti ya mabao, na wanajua kuongoza baada ya mechi moja si kuongoza. Wapeni idadi ya leo na ya wiki iliyopita, kati ya waliopimwa wangapi, wa umri gani. Iwe kwenye sentensi ya pili, si chini ya matangazo. Mhariri mmoja aliwahi kunijibu kwamba habari ya namna hiyo haibofywi. Labda ni kweli. Basi asije tena kuandaa kipindi maalumu cha "Kwa nini wananchi hawawaamini wataalamu?" halafu akanialika mimi kama mgeni.