Pesa Zilizozidi

Mhazini wa kamati ya harusi huogopa pesa zisipungue. Mimi zilinizidi, na nakuapia kwamba upungufu una nafuu.

Kamati yetu ilikutana Mwanga, hapa Kigoma, kwa ajili ya harusi ya binti wa jirani, na katibu wetu alikuwa mama mstaafu, katibu muhtasi tangu enzi za taipureta, ambaye wanawe walikuwa wamemnunulia kompyuta mpakato. Vidole vyake vilikwenda mbio hata sisi tunaodonoa herufi moja moja tukaona haya. Aliingiza michango yote kwenye Excel, akaweka kanuni ya kujumlisha, nayo ikatoa shilingi 2,250,000. Noti nilizokuwa nimezihesabu mezani mbele ya wajumbe zilikuwa 4,350,000.

"Kompyuta haikosei," alisema mwenyekiti, mzee anayeiheshimu sana mashine hiyo kwa sababu hajawahi kuigusa, kisha akasogeza kiti chake nyuma. Shangazi wa bibi harusi akanong'ona, kwa sauti ya kusikika hadi barazani, kwamba kama uchawi wa chuma ulete huzoa pesa za watu madukani, basi lazima kuna mahali zinapotua. Macho yote yakanigeukia. Mzee akaagiza 2,100,000 zitengwe, zifunikwe kitenge, asiziguse mtu.

Aliyeniokoa ni mjukuu wa katibu, aliyekuwa ameleta chai. Aliinamia kioo, akaona kwamba 50,000 na 20,000 zimejipanga upande wa kulia wa safu, ilhali kila 100,000 na kila 10,000 imeng'ang'ania kushoto, mahali ambapo Excel huweka maneno.

"Bibi, hii si moja. Ni L ndogo."

"Ulitaka niandike nini?" bibi akamkemea, ndipo sote tukasomeshwa: taipureta nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha moja, kwa hiyo wapiga chapa walifundishwa kutumia L ndogo, na kwa miaka yote hiyo hakuna bosi aliyeona tofauti kwenye karatasi. Kompyuta, ambayo haina macho ya kudanganywa, ilichukua laki nzima kuwa ni neno, na kanuni ya kujumlisha huyaruka maneno kimyakimya. Hivyo waliotoa elfu ishirini walihesabiwa vizuri, na wenye laki zao, ambao ndio waliokuwa wakidai viti vya mbele, hawakuwa wamechanga hata senti.

Mjukuu alibadilisha herufi zote kwa mkupuo, jumla ikasoma 4,350,000, shangazi akakumbuka kwamba ana chungu jikoni. Mwenyekiti alikubali maelezo yote, akampongeza kijana, lakini nilipoinua kitenge ili nizirudishe pesa kwenye fungu la mchele, alinishika mkono.

"Hizo zilipie muziki, mwanangu. Muziki hauingii tumboni."