Mgongo Haupasuliwi kwa Mazoea

Kombe la bega, ule mfupa bapa wa nyuma ya bega, halivunjiki kirahisi. Limelalia mbavu na kufunikwa na misuli pande zote, kwa hiyo likivunjika ujue kishindo kilikuwa kikubwa: gari, bodaboda, au mtu kaanguka kutoka juu ya mnazi. Sisi wapasuaji tunaanza na mapafu, mbavu na kichwa; bega litasubiri. Tena wengi hawahitaji kisu. Mkono unaning'inizwa shingoni wiki mbili tatu, mazoezi yanaanza mapema, na mfupa unajiunga wenyewe kwa sababu misuli ile ile inaulisha damu.

Ninaowasemea ni wale wachache ambao tundu la kiungo, pale kinapokaa kichwa cha mfupa wa mkono, limepasuka na nyuso zake kupishana milimita 4 au zaidi, au shingo ya kombe inayolibeba tundu hilo imeinama vibaya. Hao tunawapasua. Swali la kuingilia wapi ndilo tunalolipita mbio mno.

Mwaka 1964 Mfaransa Robert Judet alieleza njia ya nyuma ambayo wengi wetu tulifundishwa kwanza. Ngozi huchanwa kufuata mwinuko wa kombe, kisha kuteremka ukingo ulio karibu na uti wa mgongo. Msuli wa infraspinatasi, unaofunika mgongo wa kombe chini ya mwinuko huo, unabanduliwa wote, ukabaki umeshikwa na mishipa yake ya damu na fahamu tu. Unaona kila kitu, ni kweli. Lakini msuli huo ndio unaougeuza mkono kuelekea nje, na mbeba zege anauhitaji kesho kutwa.

Nasi tunaufunua mfupa gani? Katikati ya kombe ni kwembamba kama karatasi, skrubu hazishiki. Vyuma vinashika kwenye kingo nene, hasa ukingo wa nje. Na ukingo huo unafikika kwa kupita kati ya infraspinatasi na teresi ndogo, misuli miwili inayotumia mishipa tofauti ya fahamu, bila kung'oa chochote. Sharti uuchunge mshipa wa fahamu wa kwapa unaopita chini ya teresi ndogo; ukiteleza chini ya msuli huo umepotea. Kipande kilichovunjika upande wa mbele wa tundu kifuatwe kwa mbele, kati ya deltoidi, msuli unaofunika bega, na msuli wa kifua.

Hata hivyo siikatai njia ya Judet. Wagonjwa wetu wengi hufika wiki tatu baadaye, wametokea kwa waunga mifupa wa kienyeji au walikuwa wakitibiwa kichwa kwanza. Mfupa umeshaanza kushikana vibaya, na dirisha dogo halitoshi kuubandua na kuupanga upya. Hapo fungua kwa upana, bila kuona haya.

Kinachoniuma ni njia kuchaguliwa kabla picha ya CT, eksirei ya kompyuta inayoonyesha mfupa tabaka kwa tabaka, haijatazamwa. Mimi sasa huuchora mvunjiko kwenye karatasi, mbele na nyuma, kabla mgonjwa hajalazwa kifudifudi, na pembeni yake naandika jeraha lina siku ngapi na mikono ile inafanya kazi gani.