Samatta Tumempima kwa Miezi Sita

Kijiweni kwetu ukimtaja straika wetu Mbwana Samatta hazipiti dakika mbili, utasikia: "Yule si alifeli Villa?" Basi, kesi imefungwa, wanarudi kwenye kahawa yao. Nimebishana hadi nimechoka, leo naandika.

Ni kweli Aston Villa alicheza mechi 14 za Ligi Kuu ya Uingereza akafunga bao 1, lile la Bournemouth. Kwa straika hizo ni namba mbaya, sina utetezi. Ila alifika Januari 2020 kuziba pengo la straika wao Wesley aliyeumia goti, kwenye timu iliyokuwa inapigania isishuke daraja, mpira wenyewe anauona kwa mbali. Machi korona ikasimamisha ligi. Septemba Villa wakamsajili straika mwingine, Ollie Watkins, Samatta akapelekwa Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo. Habari ya Villa ikaishia hapo.

Na humo humo kuna Wembley. Machi 1, 2020, fainali ya Kombe la Ligi, nilikuwa kibanda umiza nimekalia kreti la soda maana mabenchi yalishajaa. Manchester City wanaongoza 2-0. Dakika ya 41 El Ghazi wa Villa akamwaga krosi, Samatta akajirusha mzima mzima, kichwa, wavuni. Mwenye kibanda, aliyekuwa anamfukuza dogo mmoja aliyezama bila kulipa, nilimuona amemkumbatia dogo huyohuyo. Mechi iliisha 2-1 na kombe likaenda City, lakini dogo aliangalia hadi mwisho na hakuna aliyemdai.

Sasa, wanaosema alifeli huwa wanaanzia hadithi Birmingham, nyumbani kwa Villa. Mimi naanzia Lubumbashi.

Mwaka 2011 kijana wa Mbagala, miaka 18, jina lake limeanza kuimbwa Simba, anaondoka kwenda TP Mazembe, klabu ya Lubumbashi, Kongo. Hawa Mazembe walikuwa ndiyo kwanza wametoka kucheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia na Inter Milan, Desemba 2010. Huko hakuna anayekujua. Sokoni utaelewana nao, maana Lubumbashi wanaongea Kiswahili, cha kwao chenye ladha yake, lakini uwanjani unagombea namba na watu wa kiwango cha Trésor Mputu na Rainford Kalaba. Samatta alikaa pale zaidi ya miaka minne. Hebu fikiria ni straika gani wetu leo angevumilia miaka minne Kongo bila wakala wake kupeleka maneno kwenye redio kwamba "kuna ofa kutoka Ulaya".

Mavuno yakaja 2015: Ligi ya Mabingwa Afrika, ufungaji bora kwa mabao 7, na kwenye fainali dhidi ya USM Alger akafunga Algiers na akafunga tena Lubumbashi. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo Genk ya Ubelgiji wakamchukua, ana miaka 23, amekomaa. Msimu wa 2018/19 akafunga mabao 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji. Novemba 2019 akawafunga Liverpool kwa kichwa, tena Anfield. Baadaye, akiwa PAOK, akabeba ubingwa wa Ugiriki. Mtu wa namna hii ndiye amefeli?

Najua njia hiyo haimfikishi kila mtu. Thomas Ulimwengu alikuwa naye hapohapo Mazembe, akaenda Sweden, majeraha yakamwandama. Lakini angalau alitoka. Simon Msuva naye aliiacha Yanga 2017 akaenda Morocco, na hakuna aliyemcheka.

Shida ya sasa ni kwamba nyumbani pametamu. Simba na Yanga zinalipa vizuri, wageni wanatoka kwao kuja kucheza huku, na mchezaji akifunga bao moja la dabi anaalikwa kwenye kila kipindi. Siwalaumu, kila mmoja ana mama wa kumjengea. Ninachokataa ni kumbeza aliyetoka na huku tunamtukuza aliyebaki.

Mtaani kwetu kuna winga mmoja, mguu wa kushoto, kasi ya ajabu. Misimu miwili iliyopita timu ya Zambia ilimhitaji. Wajomba zake wakakaa kikao, wakasema Zambia siyo Ulaya, asubiri. Akasaini timu moja ya hapa Ligi Kuu. Juzi nimepishana naye dukani ananunua vocha, nikamuuliza vipi mechi za wiki hii. "Nipo benchi, bro," akaniambia, "ila jezi wametupa mpya."